Wachuuzi wanne wa Feri: namna ya kupata dhana zilizojificha kati ya majedwali

Tuwachukue wachuuzi wanne wanaonunua samaki soko la Feri, Kivukoni, kila alfajiri. Wa kwanza anarudi Buguruni, anawasha jiko na kukaanga hadi usiku. Wa pili anavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Naye ana jiko, na juu ya hilo ana deli la barafu. Wa tatu ana deli pia, amelifunga nyuma ya baiskeli, anatembeza Temeke. Wa nne anatembeza Mwananyamala, beseni kichwani, hana barafu wala jiko. Nimewatunga kwa ajili ya makala hii, lakini kila anayekula samaki Dar ameshawahi kununua kwa mtu wa aina hizi.

Sasa, wa Buguruni na wa Mwananyamala wanafanana nini? Kwa maelezo niliyotoa, hakuna. Mmoja ana jiko, mwenzake hana. Mmoja anatembeza, mwenzake anakaa mahali pamoja. Wote hawana deli, ni kweli, ila daftari letu linaandika alicho nacho mtu, haliandiki alichokosa. Lakini muulize dalali pale mnadani, atakujibu papo hapo: hao wawili ni watu wa dagaa. Jibu hilo hakulipata kwa kuwatazama wachuuzi. Amelipata kwa kutazama wanachobeba, kisha akarudi na alichokiona akawapanga upya wabebaji.

Hatua hiyo ya dalali, ya kutoka kundi moja kwenda jingine na kurudi na maarifa mapya, ndiyo ninayotaka kuieleza. Wanahisabati wameipa umbo kamili linaloweza kutekelezwa na kompyuta, na jina lake kwa Kiswahili linaweza kuwa uchambuzi wa dhana za kimahusiano. Umejengwa juu ya mbinu iliyoutangulia, uchambuzi rasmi wa dhana, kwa hiyo inabidi tuanzie huko.

Chukua samaki watano: changu, pweza, jodari, kibua na dagaa wa baharini. Chora jedwali, samaki wakae kwenye mistari na sifa zikae kwenye safu. Sifa ziwe nne tu: anaishi kwenye miamba, anaishi maji wazi, huuzwa kwa vipande, huuzwa mkavu. Weka alama ya vema panapohusika. Changu anapata alama moja, ya miamba. Pweza anapata mbili, miamba na vipande. Jodari ni wa maji wazi na vipande. Kibua ni wa maji wazi tu. Dagaa ni wa maji wazi na mkavu.

Dhana, katika hisabati hii, ni jozi ya vitu viwili vinavyobanana: kundi la samaki, na orodha ya sifa ambazo wote katika kundi hilo wanazo. Sharti ni kwamba jozi hiyo isiweze kuongezwa upande wowote. Yaani ukichukua orodha ya sifa, hakuna samaki mwingine nje ya kundi mwenye sifa zote hizo. Na ukichukua kundi, hakuna sifa nyingine nje ya orodha ambayo wote wanayo. Jodari, kibua na dagaa pamoja na sifa ya maji wazi ni dhana kamili. Jodari na kibua peke yao si dhana, kwa sababu kitu pekee wanachochangia ni maji wazi, na ukitamka maji wazi dagaa naye anaitika.

Ukilipekua jedwali lile lote utapata dhana nane: samaki wote watano wasio na sifa ya pamoja, wa miamba, wa maji wazi, wa vipande, pweza peke yake, jodari peke yake, dagaa peke yake, na ile tupu ya chini kabisa, isiyo na samaki hata mmoja kwa kuwa hakuna mwenye sifa zote nne. Zichore kama nukta, uziunganishe kwa mistari, kundi kubwa likae juu ya dogo. Mchoro huo unaitwa latisi. Ukipanda, wanachama wanaongezeka na sifa zinapungua. Ukishuka, sifa zinaongezeka na wanachama wanapungua.

Wazo kwamba kila dhana ina pande mbili, wanaohusika na sifa zinazowahusisha, ni la kale. Antoine Arnauld na Pierre Nicole waliliandika wazi katika kitabu chao cha mantiki kilichotoka Paris mwaka 1662. Hisabati ya latisi ilikomazwa karne ya ishirini na Garrett Birkhoff wa Marekani. Aliyeziunganisha mbili hizo kuwa chombo cha kuchambulia data ni Rudolf Wille wa Darmstadt, Ujerumani, kwa makala yake ya mwaka 1982. Miaka miwili baadaye mwenzake Bernhard Ganter alitoa njia ya kuziorodhesha dhana zote moja baada ya nyingine bila kurudia hata moja.

Ninaipenda mbinu hii kwa sababu moja kubwa: kila kundi inalolitoa linakuja na maelezo yake. Programu nyingi za kupanga watu katika makundi zinakupa kundi namba 3 na kundi namba 7, ukiuliza kwa nini mtu fulani yuko 7, jibu ni hesabu za umbali ambazo hata aliyeziandika hawezi kumweleza mhusika. Mchuuzi anayenyimwa mkopo ana haki ya kuambiwa kundi lake linaitwaje na linahusu nini. Latisi inaweza kumwambia.

Lakini ina jedwali moja tu, na maisha hayako kwenye jedwali moja. Edgar Codd alipoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano mwaka 1970, hoja yake ilikuwa kwamba taarifa zikae katika majedwali mengi yanayorejeana, na tangu hapo karibu kila ofisi yenye kompyuta inafanya hivyo. Sisi nasi tuna jedwali la pili, la wachuuzi, lenye sifa za jiko, deli na kutembeza. Na tuna la tatu linalowaunganisha wachuuzi na samaki, tuliite "anauza": wa Buguruni anauza kibua na dagaa, wa Kigamboni, changu na kibua, wa Temeke, jodari na pweza, wa Mwananyamala, dagaa peke yake.

Kishawishi cha kwanza ni kuyamwaga yote kwenye jedwali moja. Ukiweka mstari mmoja kwa kila uuzaji, wachuuzi wanne wanakuwa mistari saba. Dhana zitakazotoka ni za mauzo, si za watu. Niliwahi kuifanya kazi ya namna hii kwa kikundi kimoja hapa mjini: majedwali yakaunganishwa, ripoti ikatoka, na mwenye bidhaa nyingi akahesabika mara nyingi kuliko mwenye bidhaa moja. Hakuna aliyeligundua hilo mpaka mchuuzi mmoja alipouliza kwa nini idadi yao imezidi watu waliokuwepo kikaoni. Tangu siku hiyo siamini jumla yoyote kabla sijajua kila mstari unamhusu nani.

Kishawishi cha pili kina akili zaidi. Mpe kila samaki safu yake kwenye jedwali la wachuuzi: anauza changu, anauza pweza, na kadhalika. Hapo Buguruni na Mwananyamala wanakutana kwenye safu ya dagaa, na unaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini tazama Kigamboni na Temeke. Mmoja anauza changu, mwingine pweza. Hawana safu ya samaki hata moja ya pamoja, ilhali wote wawili wanategemea miamba, na mwamba ukiharibika wote wawili watalia. Majina ya samaki yamewatenganisha watu ambao biashara yao imesimama mahali pamoja.

Basi tuweke sifa za samaki badala ya majina: anauza wa miamba, anauza wa maji wazi, anauza wa vipande? Tumesogea, ila pana mtego. Fikiria mchuuzi wa tano mwenye kibua na pweza. Atapata alama ya maji wazi kwa ajili ya kibua, na alama ya vipande kwa ajili ya pweza. Ukisoma mstari wake utamdhania muuza jodari, samaki wa maji wazi anayekatwa vipande, na jodari hajamgusa. Sifa mbili za samaki wawili zimeshonwa pamoja zikamzaa samaki wa tatu ambaye hayupo.

Uchambuzi wa kimahusiano unaupita mtego huo kwa uamuzi mmoja: safu mpya zisitokane na samaki mmoja mmoja, wala na sifa moja moja, bali na dhana. Kwanza unatengeneza latisi ya samaki, zile dhana nane. Kisha kwenye jedwali la wachuuzi unaongeza safu kwa kila dhana: anauza walau mmoja wa dhana ya miamba, walau mmoja wa dhana ya maji wazi na vipande, na kuendelea. Mchuuzi wa kibua na pweza hapati alama kwenye hiyo ya maji wazi na vipande, kwa sababu wanachama wake ni jodari tu.

Tuzijaze kwa wachuuzi wetu wanne. Walau mmoja wa miamba: Kigamboni na Temeke. Walau mmoja wa maji wazi: wote wanne. Walau mmoja wa vipande: Temeke. Walau mmoja wa dhana ya dagaa: Buguruni na Mwananyamala. Jedwali la wachuuzi, ambalo kabla ya hapo lilikuwa na dhana saba, sasa lina kumi. Miongoni mwa zile tatu mpya kuna ile ya Buguruni na Mwananyamala pamoja, jibu la dalali, sasa likiwa na maelezo yake: wote wanauza samaki mkavu wa maji wazi. Na kimejitokeza kingine ambacho hatukukiomba. Wauzaji wa samaki wa miamba ni wale wale wenye deli, hakuna aliyezidi wala aliyepungua. Katika data hii ndogo, miamba na barafu vimekwenda pamoja. Sitadai kwamba ndivyo ilivyo Dar nzima, kwa kuwa watu wanne hawathibitishi jambo. Lakini swali la kwenda kuuliza Feri limeshapatikana, na limetoka kwenye majedwali yenyewe.

Neno "walau" nililotumia lina uzito kuliko linavyoonekana. Ungeweza kuweka "tu" mahali pake. Anauza wa maji wazi tu: hapo wanabaki Buguruni na Mwananyamala, kwani Kigamboni ana changu na Temeke ana pweza. "Walau" iliwakusanya wote wanne na haikutuambia kitu. "Tu" imewagawa sawasawa. Kwa wa miamba ilikuwa kinyume: "walau" ilitupa jibu zuri, na "tu" isingempata yeyote.

Na ndani ya "tu" pana jambo ambalo wanamantiki wanalijua vizuri. Kwa kanuni zao, mtu asiyeuza chochote leo, aliyefika Feri akakuta bei imempita na kurudi mikono mitupu, anatimiza sharti la kwamba samaki wake wote ni wa maji wazi. Hana samaki wa kulivunja. Vilevile anatimiza kwamba wote ni wa miamba. Ukiitumia kanuni hiyo bila uangalifu, mchuuzi aliyekosa mzigo ataingia kila kundi la "tu". Kwa hiyo liko toleo kali zaidi linalodai wote wawe hivyo na awepo walau mmoja. Kwa masikio yangu toleo hilo ndilo lenye maana ya "tu" ya Kiswahili: ukisema fulani anauza dagaa tu, hakuna anayedhani beseni lake ni tupu. Yako pia matoleo ya asilimia, kwa mfano walau 60 katika kila 100 ya anaowauza. Hayo yanamsaidia mtu mwenye aina kumi za samaki ambaye siku moja amepata changu wa bahati. "Tu" ingemtoa nje kwa changu mmoja. Kuchagua kati ya maneno haya si kazi ya kompyuta. Anayejua soko ndiye anayepaswa kuchagua, na akichagua vibaya latisi itatoka nzuri ya kutazama isiyosema kitu.

Mpaka hapa tumekwenda upande mmoja, kutoka samaki kwenda kwa wachuuzi. Lakini uhusiano unaweza kusomwa kwa kurudi: samaki anauzwa na mchuuzi. Basi samaki nao wapate safu mpya kutokana na dhana za wachuuzi. Nani anauzwa na walau mmoja mwenye jiko? Kibua na dagaa kupitia Buguruni, changu kupitia Kigamboni. Changu wa miamba na dagaa mkavu, ambao kwenye jedwali lao hawakuwa na sifa hata moja ya pamoja, wamejikuta kwenye dhana moja na kibua. Dhana hiyo mpya ya samaki inarudi kwa wachuuzi kama safu mpya: nani anauza walau mmoja wa samaki hawa wa jikoni? Buguruni, Kigamboni, na Mwananyamala, ambaye hana jiko lakini dagaa wake wanapatikana kwa mwenye jiko. Kundi hili la watu watatu halikuwepo hatua iliyopita. Anayebaki nje ni wa Temeke, na kubaki kwake nje kuna maana ambayo mfanyabiashara ataielewa mara moja: hana samaki hata mmoja anayepatikana kwa mkaangaji. Hashindani na jiko la mtu.

Unaweza kuhofu kwamba safari hii ya kwenda na kurudi haitakwisha. Itakwisha, na sababu yake ni rahisi. Kila mzunguko unaongeza safu, hauondoi, kwa hiyo makundi yaliyopatikana hayapotei, yanaongezeka tu. Na wachuuzi wanne hawawezi kuunda makundi zaidi ya 16, wala samaki watano zaidi ya 32, ukihesabu na lile tupu. Lazima ufike mzunguko ambao hauleti kundi jipya upande wowote, na hapo unasimama.

Kusimama hakumaanishi kwamba umepata kitu kinachosomeka. Ongeza vitu hadi mia na kikomo chake ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara mia, idadi ambayo hakuna mashine itakayoimaliza. Ndiyo maana watumiaji wengi hubakiza zile dhana tu zinazoingiza kitu au sifa kwa mara ya kwanza, ambazo haziwezi kuzidi jumla ya vitu na sifa. Shida ya pili inaniumiza zaidi, kwa kuwa inagusa kile nilichokisifu mwanzo. Maelezo ya dhana za mzunguko wa tatu au wa nne yanarejea dhana nyingine, nazo zinarejea nyingine: anauza samaki anayeuzwa na mchuuzi anayeuza samaki mkavu. Wakati mwingine dhana ya wachuuzi inaelezwa kwa dhana ya samaki, ambayo nayo imeelezwa kwa ile ile ya wachuuzi. Kihisabati hakuna kosa. Ila ukitaka kumsomea mtu wa Buguruni kundi lake, itabidi uyafumue maelezo hayo hadi yafike kwenye vitu anavyovishika: jiko, barafu, dagaa.

Waliouunda mfumo huu ni Marianne Huchard wa Montpellier, Petko Valtchev wa Montréal, na Mohamed Rouane-Hacene na Amedeo Napoli, na maelezo yao kamili yalichapishwa mwaka 2013. Walianza na haja ya wahandisi wa programu: kuipanga upya michoro ya miundo ya programu ili yanayojirudia yakusanywe mahali pamoja. Baadaye mbinu ikatoka nje ya kompyuta. Imetumika kuchambua viumbe na hali ya maji ya mito mashariki mwa Ufaransa, na imetumika kwa data ya mimea inayotumiwa barani Afrika kulinda mazao dhidi ya wadudu, ambamo mmea, mdudu na zao vinahusiana kama wachuuzi na samaki wetu. Kwa mkulima wa kwetu hilo si jambo la mbali. Anayetafuta mbadala wa mmea usioota kwake anatafuta dhana: mimea mingine inayofukuza mdudu wa aina ile kwenye zao la aina hii.

Kuna jambo moja ambalo mbinu hii haiwezi kulisema, hata ukiizungusha mara ngapi. Ongeza akina mama lishe, na mahusiano mawili: ananunua kwa mchuuzi, na ni jirani wa mchuuzi. Mama lishe mmoja ananunua kwa jirani yake, mchuuzi wa dagaa. Mwingine ananunua kwa mchuuzi mmoja na anapakana na mwingine wa aina hiyo hiyo. Kila mmoja wao atapata alama mbili: ananunua kwa mchuuzi wa dagaa, ni jirani wa mchuuzi wa dagaa. Jedwali litawaona sawa, kwa sababu kila safu inaangalia dhana na kumsahau mtu. Haikumbuki kama yule wa safu ya kwanza ndiye yule wa safu ya pili. Mtaani tofauti hiyo ni kubwa. Jirani anakopesha hadi jioni, na asiye jirani anataka pesa mkononi.

Sébastien Ferré wa Rennes alipendekeza mwaka 2015 njia inayoanzia hapo. Kwake data yote ni grafu moja, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari ya mahusiano, maelezo ya dhana ni kipande cha grafu, na wanachama wa dhana wanaweza kuwa jozi au watatu watatu badala ya mmoja mmoja. Dhana inaweza kuwa yenyewe ni jozi ya mama lishe na mchuuzi, mmoja akinunua kwa mwingine, nao wakiwa majirani.